Pindo Pana

Mshona sare wa kituo chetu cha watoto pale Ilomba hupima kwa viganja, akitazama ukungu dirishani kana kwamba humo anamwona mtoto akiwa mtu mzima. Huimba chinichini kwa Kinyakyusa, hata akiwa na pini mdomoni. Yunisi aliletwa kutoka Usangu baada ya kufiwa na mama yake. Alipovalishwa sketi ya shule alimuuliza mshonaji, "Mama, nitairudisha lini?"

Mshonaji akatoa pini mdomoni, akamwonyesha pindo. "Hairudishwi, mwanangu. Ukirefuka tutashusha hapa, na hapa tena."

Yunisi akalishika lile pindo, akasinzia palepale juu ya vipande vya vitambaa. Mshonaji aliporudi kwenye cherehani hakuikanyaga, akawa anazungusha gurudumu polepole kwa mkono, asimwamshe.