Damu Nyepesi ya Mjomba

Mjomba wangu aliposhikwa na homa kule Bongwe, kilichojadiliwa kwanza nyumbani kwake hakikuwa homa bali damu. Tangu corona, ukoo wetu una wataalamu wengi wa damu. Jirani mmoja wa Kinondo alipona corona, akarudi dukani kwake, na wiki ya pili bonge la damu likapanda kutoka mguuni hadi mapafuni, likamuua. Hilo lilikuwa kweli, na daktari ndiye aliyelisema. Yaliyobaki tuliyaongeza sisi: kwamba kila virusi hugandisha damu, na kwamba damu ya kila mgonjwa sharti iyeyushwe.

Basi mjomba, fundi wa vitanda, huku mwili unamuuma mpaka nyuma ya macho, akayeyushwa. Mkewe, mkaza mjomba wetu, alisimamia kitunguu thomu asubuhi na tangawizi mchana. Binamu yetu anayefanya kazi hotelini Diani alipiga simu kuagiza aspirini, mbili kwa siku, kwa sababu kuna mgeni mzee pale hotelini huzimeza na bado anaogelea. Niliuliza kama mgonjwa amepimwa. Nikajibiwa kwamba damu nzito huonekana kwa macho.

Siku ya nne homa ilishuka, tukashukuru. Siku ya tano mjomba alipiga mswaki akatema damu, na nyumba nzima ikafurahi.

"Waona?" mkaza mjomba aliniambia, akinisogezea beseni. "Ilikuwa kama lami. Sasa yatembea."

Vidoa vyekundu vilivyotapakaa miguuni viliitwa vipele vya joto. Kulegea kwake kuliitwa usingizi wa kupona.

Kesho yake ilikuwa kumi na saba ya mwezi wa Kiislamu, mojawapo ya siku za Sunna za kupigwa hijama, yaani kuchanjwa na kuumikwa ili damu chafu itoke, na mpiga hijama wa Ukunda huandikisha watu mapema. Mjomba alikuwa wa tatu kwenye orodha. Nilipendekeza apimwe kwanza, nikaambiwa kwa upole kwamba kusoma sana nako ni maradhi.

Mpiga hijama alikuwa mtu mzima, mtaratibu, vikombe vyake vimepangwa juu ya kitambaa cheupe na nyembe mpya zimo bado ndani ya karatasi zake. Mjomba akavua shati, akainamisha mgongo. Yule bwana hakugusa wembe. Aliuliza homa ilianza lini, ikashuka lini, na mgonjwa amemeza nini. Mkaza mjomba akazitaja dawa zote kwa fahari, moja baada ya nyingine, na kama ningekuwa na kalamu ningeandika. Kisha yule bwana akamtazama mjomba fizi, akapandisha kikoi kidogo, akabonyeza kidoa kimoja kwa kidole gumba. Alipokiachia, wekundu ulikuwa pale pale, kama damu iliyovujia chini ya ngozi.

"Bi mkubwa, nani alimpa aspirini?"

"Familia."

"Basi familia imeshampiga hijama kwa ndani. Mimi nikimchanja hapa, damu hii sijui nitaizuia kwa kitu gani."

"Lakini leo ni kumi na saba."

"Sunna haikutuambia tumuue, mama. Mpelekeni hospitali. Nafasi yake nitamwekea."

Akatuitia tuktuk mwenyewe, akasimama barabarani mpaka tulipoondoka kuelekea Msambweni. Njia nzima mkaza mjomba alilalamika kwamba watu wa hijama wa siku hizi ni waoga.

Vipimo vilionyesha homa ya dengi, ile iletwayo na mbu. Daktari, binti mdogo kuliko sisi sote, alieleza bila haraka. Virusi si vya namna moja. Corona yaweza kuvimbisha kuta za mishipa kwa ndani, damu ikaganda mahali pasipotakiwa. Dengi nayo huuchokoza mwili mpaka mishipa midogo ikaanza kuvuja, na zile chembe za kuziba majeraha zikapungua. Chembe za mjomba zilikuwa chache mno, na aspirini ilikuwa imezifunga mikono hizo chache zilizobaki. Hatari yenyewe, alisema, huja homa inaposhuka. Yaani ile siku tuliyoshukuru.

Mkaza mjomba alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa tumpe nini cha kuigandisha?"

Daktari akasema dripu, maji ya kunywa, na kumwacha apumzike. Kumwacha mtu ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika ukoo wetu. Kufikia alasiri binamu wa Diani alikuwa amekwisha kupendekeza majani ya mpapai, na shangazi mmoja akataka kujua kama maini ya mbuzi huruhusiwa wodini.

Kila asubuhi walimtoa damu ya kupima. Siku ya kwanza pamba ililowa, ikabadilishwa, ikalowa tena, na muuguzi akakandamiza mkono ule muda mrefu huku mkaza mjomba akivuta tasbihi. Siku ya pili pamba zilikuwa mbili. Siku ya nne muuguzi aliinua pamba moja tu, na chini yake palikuwa na nukta ndogo, kavu.

"Imekata," mjomba alisema.

Mkaza mjomba aliinama, akaitazama ile nukta. Kwa mara ya kwanza tangu homa ianze, hakupendekeza kitu.