Tulipolipima Ziwa kwa Saa ya Mwezi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi ya kusugulia sufuria na kipande cha sabuni ya mche. Vita vilikuwa vimekwisha, serikali mpya imeingia, na ofisi ya vipimo vya maji ya Kampala ilikuwa ikitafuta watu waliomaliza shule na wasioogopa jua. Mimi Apio ni binti wa sajini wa polisi kutoka Lango, nimezaliwa na kukulia kambini Naguru, na asubuhi ile nilivaa viatu vya kisigino nikidhani ninakwenda kukaa mezani. Msimamizi wa Vipimo, mzee mwenye sauti ya paredi ingawa hakuwahi kuwa askari, alivitazama viatu vyangu, akacheka peke yake, kisha akanipakia kwenye pikapu mpaka Luzira, kandokando ya Ziwa Viktoria.

Pale gatini palikuwa na ubao mrefu wenye namba, umepigiliwa kwenye nguzo, nusu yake imezama. Sisi tuliuita rula ya maji. Ulikuwa umeota utelezi wa kijani hata namba hazionekani.

"Vua hiyo viatu," akasema Msimamizi. "Ingia, osha. Halafu piga magoti hapa, jicho na maji ikuwe sawasawa. Kama shingo haiumi, bado hujasoma."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi. Ukisoma rula umesimama, unadanganyika, kwa sababu jicho linatazama kutoka juu. Tena maji hayatulii: unangoja wimbi lipande, unasoma, linashuka, unasoma, kisha unachukua katikati. Tulisoma asubuhi na jioni, na namba zetu zilikwenda kwa wanaoendesha meli, wanaojenga magati, na wanaovuta maji ya kunywa ya mji mzima. Ninyi vijana mnaosomewa maji na mashine mtaniona mshamba, lakini shingo yangu mpaka leo ina historia yake.

Nilikuwa na ugonjwa mmoja, wa kuuliza. Haukupita muda nikaona kuwa maji ya jioni mara nyingi yako juu kidogo kuliko ya asubuhi, labda upana wa kiganja. Nikamuuliza Msimamizi sababu.

"Andika," akasema. "Uliajiriwa kuandika."

Niliandika, na nikaendelea kuuliza, mpaka akastaafu nadhani kwa ajili ya kunikimbia mimi. Mahali pake palishikwa na Mhandisi wa Kanda, Muganda mnene, mpole, mwenye kupenda kujua kuliko mimi. Huyo ndiye niliyetumwa pamoja naye Mombasa kusomea maji ya bahari.

Siku ya pili kule, Mkufunzi wetu alitupa mashua tupeleke vyombo kwenye kipimo, tuifunge gatini, tukale. Tuliifunga kwa kamba fupi, kwa kukaza, kama tunavyofunga nyumbani ili isigongegonge. Tuliporudi tumeshiba pilau, maji yalikuwa yamekwenda zao, na mashua inaning'inia hewani kwa kamba zake, vyombo vyetu vimemwagikia matopeni. Watu wamejaa gatini wanatutazama kama sinema.

"Ninyi watu wa ziwa," Mkufunzi akasema, "mnafunga mashua kama mbuzi. Bahari inataka kamba ndefu. Inakupwa na inajaa."

Alitufundisha jioni hiyohiyo, nasi tumechutama tukiosha tope kwenye vyombo. Mwezi huivuta dunia, alisema, lakini hauvuti kila mahali sawa. Maji yaliyo upande wake huvutwa zaidi, yakainuka. Maji ya upande wa nyuma huvutwa kidogo kuliko dunia yenyewe, hivyo ni kama yanaachwa nyuma, nayo yakainuka. Basi kuna vilima viwili vya maji, na dunia inapojizungusha, pwani hupita kwenye kilima, kisha bondeni, kisha kilima cha pili. Ndiyo maana maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kati ya leo na kesho. Jua nalo huvuta, ila kwa mbali. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, jua na mwezi husaidiana, maji yakajaa sana na kupwa sana: hiyo ni bamvua. Mwezi ukiwa nusu, vinavuta pande tofauti, maji yakawa mafu, yanakwenda na kurudi kwa uvivu.

Halafu akasema jambo nililolishika kuliko yote. Kwa kuwa mwezi nao unasonga mbele, kila siku maji huchelewa, karibu saa nzima. Tuliona wanawake wakishuka mwambani kukusanya chaza na kutafuta pweza. Leo wanashuka asubuhi, baada ya siku chache mchana. Hakuna aliyewapigia kengele. Chakula cha mchana, safari ya kuvuka, saa ya kupakua jahazi, vyote vilipangwa na mwezi. Mimi niliona wivu, sifichi. Nilitamani na sisi tuwe na maji yenye ratiba.

Mhandisi yeye alipenda kabisa. Alirudi Kampala na bahari kichwani. Kila asubuhi, kabla ya chai, aliuliza mwezi una siku ngapi.

Tukiwa hivyo, wakubwa walimtaka aende kwenye forodha moja ndogo karibu na Luzira, mahali mitumbwi inaposhusha samaki, achore mstari wa maji. Chini ya mstari hakuna kujenga wala kuuza. Pale pwani palikuwa pamelala, yaani maji yakipanda kidogo tu yanakwenda mbali. Wanawake walikuwa wamepanga majiko yao wakikaanga samaki, na wa mbele kabisa, karibu na maji, alikuwa Mama Furaha, Mkongo aliyekimbia vita vya kwao akiwa na watoto wanne na sufuria moja. Mahali pake pa mbele ndipo wavuvi walipofika kwanza, na ndipo alipopata karo.

Mhandisi alisimika rula pale majini, akaitazama asubuhi, akaitazama alasiri, akaona kile kiganja changu cha siku zote. Macho yakamng'aa.

"Apio! Unaona? Inajaa! Hata sisi tuko nayo!" Akageukia pwani. "Na leo mwezi ni nusu. Kama maji mafu iko hivi, bamvua itafika wapi?" Akatembea, akatembea, akachomeka kijiti nyuma ya jiko la mwisho, karibu na barabara.

Mama Furaha alikuja ameshika kijiko cha kugeuzia samaki. Hakupiga kelele.

"Dada," akaniambia mimi, si Mhandisi, "banasema mwezi ndiyo inanifukuza hapa?"

"Bado hatujui, Mama Furaha."

"Mwezi nayo inakula samaki? Kule nyuma nani atafika kwangu? Batoto bangu banasoma na hii jiko."

Mhandisi alisikia. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akajifuta jasho. "Nnyabo, mama yangu, mimi sipendi kukufukuza. Lakini nikiweka mstari chini, halafu maji ikuje ichukue hawa watu, nani ataulizwa?" Na alisema kweli.

Nami kusema kweli nilitaka awe amepatia. Miaka yote nimeuliza habari ya kile kiganja, na sasa jibu lilikuwa zuri kuliko nilivyoota: bahari nyumbani kwetu! Lakini nilimtazama yule mama na kijiko chake, na ule ugonjwa wangu ukanishika.

"Mhandisi," nikasema, "kama ni mwezi, si maji yatachelewa kila siku? Mkufunzi alituambia."

Akainuka, akarudi kwenye kijiti. "Eh. Wamma, kweli alisema." Akaking'oa kijiti. "Basi hatuchori kitu. Tunakaa tunaona."

Tulikaa mpaka mwezi ukapevuka na kuanza kupungua, kwenye benchi la Mama Furaha, tukipokezana kupiga magoti. Naye alitukaangia, akitutazama kama watu wanaokesha na mgonjwa. Kila siku ilikuwa ileile: asubuhi maji yametulia; baada ya chakula cha mchana yanaanza kupanda; jioni kiganja. Kesho yake hayakuchelewa. Keshokutwa hayakuchelewa. Bamvua ya Mhandisi ilipofika, mwezi mpevu kama sinia, kiganja kilikuwa kilekile, wala hakikuzidi.

Aliyekamata mwizi alikuwa Mhandisi mwenyewe, kwa kikohozi. Kila baada ya chakula moshi wa jiko ulimgeukia yeye aliyekaa upande wa barabara. Siku moja alikohoa mpaka machozi, akasimama ghafla akinyoosha kidole kwenye moshi, kisha kwenye rula.

"Upepo! Apio, ni upepo! Jua inachoma nchi kavu, upepo inatoka ziwani, inasukuma maji huku kwetu!"

Siku mbili baadaye mawingu yalifunika jua kutwa nzima. Moshi ulikwenda juu wima, na maji hayakupanda. Mwezi huvuta ziwa letu pia, Mhandisi alinieleza, lakini ziwa ni dogo mno mbele ya bahari, na kinachopanda hakifiki hata unene wa kidole. Upepo unakifuta kabla hujakiona.

Alichora mstari mbele ya jiko la Mama Furaha, upande wa maji. Wanawake walipiga vigelegele. Mhandisi aliagiza samaki kwa kila mtu, lakini yeye hakula sana.

"Basi hatuna bahari," akaniambia.

"Hatuna, Mhandisi."

"Bambi, pole yetu," akasema, kama mtu aliyefiwa.

Baada ya hapo nilipelekwa Jinja, kisha Entebbe, chini ya wakubwa wengi. Mkurugenzi wa mwisho alileta vipimo vinavyojisoma vyenyewe, akaniuliza kama nitavionea wivu. Nikamwambia havina shingo ya kuuma, na havijawahi kuuliza kwa nini. Nilistaafu nikahamia Kamwokya kwa mwanangu, na Mama Furaha nikawa namtembelea kila nilipotamani samaki. Watoto wake wote walisoma. Mmoja ni nesi.

Miaka michache iliyopita mvua zilinyesha bila kupumzika pande zote za ziwa, kwetu, Kenya na Tanzania, na mito yote ikashusha kilichokuwamo. Ziwa likapanda. Halikupanda kwa mwezi wala kwa upepo, na jioni halikushuka. Lilisogea polepole kama mgeni asiye na haraka. Nilikwenda kule nikakuta mstari wa Mhandisi uko ndani ya maji, na jiko la Mama Furaha limebaki mawe matatu yanayoonekana chini ya maji. Yeye amesimama pembeni, sufuria kichwani, ana mvi kama mimi.

Nilitaka kumweleza kwamba tulilolipima tulilipima vizuri, na kwamba mvua za miaka ni jambo jingine. Yote ni kweli, lakini yeye alianza kwanza.

"Dada wa maji," akasema, "nisamehe kukusumbua na umestaafu. Jiko niweke wapi?"

Sikuwa na rula. Nilivua viatu, nikamshika mkono, tukaanza kurudi nyuma. Kila tuliposimama alinitazama usoni, nami nikasema bado, Mama Furaha, twende kidogo. Tulipita majiko ya wenzake, tukapita vibanda, tukafika barabarani alikochomeka Mhandisi kijiti siku ile, na hata pale nilitazama ziwa kwa muda mrefu, kisha nikamwambia bado.