Daftari la Wasiofika

Nimerudi kutoka Songea wiki iliyopita, ndugu yangu. Nilikwenda kumzika katekista wetu, yule aliyenifundisha ishara ya msalaba. Tumemzika Ruhuwiko, huko huko Songea, kwenye makaburi ya mtaa, bila padre, bila kwaya. Ngoja nikueleze alikuwa nani, ndipo utajua kwa nini nina hasira.

Kijiji chetu kiko njia ya kwenda Peramiho. Nililelewa na bibi, mama yake mama. Jumamosi asubuhi nyumba ilinuka moshi na uji wa ulezi, na kabla uji haujapoa ungesikia kengele ya baiskeli ya katekista ikishuka kilimani. Hakuwa na gari wala kipaza sauti. Alikuwa na koti la kahawia lililochanika kwapani, rozari, na daftari moja alilolifunga kwa kipande cha tyubu.

Jumuiya, yaani sisi Wakatoliki majirani, ilisali kwa zamu, leo nyumba hii, wiki ijayo ile. Katekista hakuandika waliofika. Alisema hao anawaona kwa macho. Aliandika wasiofika, na mbele ya kila jina akaacha nafasi. Sala ikiisha alisoma jina na kuuliza, "Huyu ana nini?" Jirani anayejua alijibu: ana homa, mtoto anaumwa, yuko shambani anaamia ndege. Akishaandika, sote tulinyanyuka tukaenda huko, watu wazima na majembe na unga kwenye kitenge, sisi watoto na kuni kichwani. Alikuwa akisema sala ya ndani ilikuwa kujiandaa tu, jumuiya yenyewe inaanza tukitoka.

Mwaka aliofariki mama yangu, bibi aliacha kusali. Alisema na watu hana ugomvi, ugomvi wake ni na Mungu, na asije mtu kumwambia habari za mapenzi ya Mungu. Jina lake likasomwa. Jumamosi ile nilisikia kengele, kisha miguu mingi uani. Bibi akafunga mlango kwa komeo, nami nikachungulia kwenye ufa. Walipiga hodi mara moja tu. Kisha wakakaa chini kwenye rundo la mahindi yetu wakapukuchua mpaka jua likawa la utosi. Hakuna aliyehubiri. Katekista aliimba kidogo kwa Kingoni, sauti yake mbaya kweli, huku punje zikidondoka kwenye ungo. Wakaondoka. Wiki ya pili walikuja kuezeka jiko. Wiki ya tatu bibi alifungua mlango mwenyewe, akawapa togwa na kisamvu, akalia mbele yao mpaka akachoka. Jumamosi iliyofuata tulikuwa wa kwanza kufika kwenye sala, na Pasaka iliyokuja nilibatizwa.

Siku ya ubatizo wangu katekista aliniweka kando, akanisogelea usoni kama anayetaka nisisahau. "Mjukuu wangu, padre akishakubatiza anapanda gari anarudi misheni. Sisi ndio tunaobaki na wewe."

Nilikuwa na miaka tisa. Sijasahau, ila kukumbuka peke yake hakukumsaidia kitu. Nilihamia Dar, nikaolewa, nikawa mtu wa kutuma salamu kwa watu wanaosafiri. Yeye alizeeka, miguu ikamkataa, binti yake akamchukua akae naye Ruhuwiko.

Huko nako kuna jumuiya, tena ina sare na daftari la mahudhurio lenye jalada gumu. Kila Jumamosi jina la mzee lilisomwa, likawekewa alama ya kutofika, wakaendelea na matangazo. Mwaka mzima. Hakuna aliyeuliza ana nini. Aliyeingia kila asubuhi na bakuli la uji ni jirani, mama wa Kiislamu kutoka Nakapanya anayeuza korosho barabarani.

Alipofariki nilifuatana na binti yake kwa katibu wa jumuiya, kuomba barua ili padre aje kuzika. Katibu ni wa kijijini kwetu, nilikaa naye benchi moja kwenye mafundisho ya huyo huyo mzee. Tukampa salamu ya Tumsifu Yesu Kristo, akaitikia vizuri, akatutolea viti. Kisha akafungua lile daftari.

"Dada, mwaka mzima hajafika hata mara moja. Nikimwandikia huyu, kesho nitamkatalia nani?"

"Alikuwa kitandani," nikasema. "Mlikwenda kumwona?"

Alilifunga daftari taratibu. "Na wewe ulikwenda?"

Nilimchukia jioni nzima, na nilimchukia zaidi kwa kuwa alisema kweli. Barua hatukupata.

Sala ya kaburini aliongoza binti, akisahau katikati na kuanza upya. Parokiani palikuwa na semina ya uinjilishaji siku hiyo, na vipaza sauti vyao vinafika mbali. Tulipokuwa tunafukia tulimsikia mhubiri akiwaita waliopotea warudi nyumbani. Mama wa korosho alikuwa amejiinamia pembeni, na ndiye aliyelia kuliko sisi wote tuliobatizwa.

Tuliporudi, binti alinipa daftari la zamani. Lilikuwa chini ya mto, na tyubu yake vilevile. Mama wa korosho alituambia kwamba karibu kila asubuhi, akishakunywa uji, mzee alimwomba amsogezee kalamu. Kurasa za mwisho mwandiko umepinda, lakini kazi ni ileile: aliandika wasiofika. Ni sisi, watoto wake wa mafundisho. Mbele ya majina amejaza sababu alizosikia kwa wapita njia. Amehamia Mbinga. Amejifungua mapacha. Katibu yumo, na mbele yake ameandika: ana kazi nyingi, asisumbuliwe.

Bibi hayupo, jumuiya ile ya majembe haipo, na baiskeli sijui nani aliiuza. Kilichobaki ni hili daftari hapa mezani kwangu. Jina langu liko mstari wa nne. Ameandika Dar es Salaam, halafu: ana nini? Mbele yake ameacha nafasi. Siku ya tatu leo nimekaa na kalamu, na sijapata cha kuandika.