Rafiki Yangu wa Bima

Jamani, kuna mtu humu amewahi kupigiwa simu na bima ya afya akaulizwa kama ameridhika na rafiki yake?

Mimi nimeulizwa. Tena nilikuwa natafuna.

"Habari za asubuhi, Bi Verna," kakasema kasichana kenye sauti tamu. "Kati ya moja na tano, umeridhika kiasi gani na Maxine, mwenzi wako wa kiangazi?"

Nikameza kwa shida. "Maxine gani?"

"Anayetembea nawe asubuhi, mama. Ni moja ya faida za uanachama wako. Tunawapa wazee wanaoishi peke yao mtu wa kutembea nao kipindi cha joto."

Nikakata simu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, muelewe kwa nini niliumia.

Mimi ni mjane, naishi Mesa, Arizona, na kiangazi cha huku si mchezo. Asubuhi tu ukishika mlango wa gari unaruka. Kwa hiyo sisi wazee mazoezi tunafanyia ndani ya jengo la maduka, kabla maduka hayajafunguliwa, kwenye kiyoyozi cha bure. Tunazunguka weee na raba zetu nyeupe, na hatununui hata pini.

Huko ndiko nilikompata Maxine. Nilikuwa kwenye benchi nafunga kamba za viatu, akaja mwanamke wa rika langu.

"Samahani shoga, hapa pana mtu?"

"Kaa tu."

Akaniuliza kwetu wapi, maana lafudhi yangu si ya huku. Nikamwambia Nebraska, jimbo la mbali na hapa. Akapiga makofi.

"Usinitanie! Mimi pia ni wa Nebraska!"

Aisee, nilitaka kulia. Tangu nihamie huku kumfuata mwanangu Kent, sikuwahi kupata mtu wa kwetu. Na huyo Kent niliyemfuata ana kazi zake, namwona kwa manati.

Maxine akawa kila kitu. Ananiuliza nimekunywa maji. Anakuja kwangu anakagua kiyoyozi kama kinafanya kazi. Ananiuliza hadi kama nimeanguka wiki hiyo. Nikasema moyoni, huyu ananipenda. Nani mwingine duniani anajali kama nimeanguka?

Siku moja nikampikia chakula cha kwetu, mchuzi mzito wa nyama na maharage wenye pilipili, unaliwa na mkate mtamu wa mdalasini. Ndiyo, pamoja! Watu wa Arizona ukiwaambia wanakuona mwehu, lakini Nebraska tumelishwa hivyo tangu shuleni. Maxine akachovya, akatafuna, machozi yakamlengalenga.

"Umenikumbusha nyumbani," akasema.

Nikamkumbatia, mimi mjinga.

Basi baada ya ile simu, asubuhi iliyofuata nikamsubiri benchini. Akaja na chupa yangu ya maji kama kawaida.

"Maxine, nijibu moja tu. Unalipwa kutembea na mimi?"

Mkono wenye chupa ukabaki hewani.

"Verna, mwenzangu..."

"Usiniite mwenzako! Nebraska unatoka mji gani?"

Akaangalia chini. "Mimi ni wa Florida. Nebraska sijawahi hata kupita. Kent ndiye aliyeniomba kwenye bima, akanieleza habari za kwenu. Alisema ukijua nimeletwa na bima utanifukuza, ila ukisikia Nebraska utalainika."

"Na yale machozi?"

"Verna, mkate wa sukari na maharage! Nilikuwa najilazimisha kumeza."

Leo naweza kucheka kidogo. Siku ile niliumia hadi kifua kikauma. Akaniambia mwanzo ilikuwa kazi, ila baadaye alinizoea kweli. Nikamwambia hiyo kweli yake akamuuzie mwingine.

Nikampigia Kent.

"Mama, ungekataa! Ungekaa ndani peke yako na joto hili, ukianguka nani angejua?"

"Wewe, Kent. Wewe ungejua, kama ungekuja."

Halafu akasema, "Lakini ni haki yako, mama, imo kwenye bima."

"Daktari wa bima naenda. Dawa za bima nameza. Uwongo nani alikwambia nauhitaji? Umechukua Nebraska yetu ukampa mgeni amchezee mama yako!"

Kikulacho ki nguoni mwako, nyie. Mtoto wa kumzaa mwenyewe.

Nikarudi kuzunguka peke yangu. Majuzi nimekaa kwenye benchi lile lile, nikasikia:

"Samahani, hapa pana mtu?"

Mama mfupi, miwani imening'inia kifuani, raba mpya kabisa. Nikasogea bila kumwangalia.

"Joto la huku litaniua," akasema. "Kwetu Nebraska..."

Nikageuka. "Kwenu wapi?"

"Nebraska. Nimehamia kwa binti yangu, simjui mtu. Jana nimewapikia maharage na mkate wa mdalasini, wajukuu wamenicheka hadi nimeona aibu."

Loh! Damu ikanipanda kichwani. Hadi mkate! Kent kawaambia hadi mkate!

"Safari hii wamekufundisha vizuri," nikamwambia. "Haya, uliza. Uliza kama nimeanguka!"

"Samahani?"

"Mwambie Kent kanipata mara moja, hanipati tena! Nenda katafute mjinga mwingine!"

Wazee wenzangu wakasimama kututazama. Yule mama akachukua mkoba wake, midomo inamcheza. Akatoka.

Nikazunguka mzunguko mmoja, kichwa juu. Leo nimewaweza.

Kutoka nje nikamkuta bado yupo kwenye maegesho. Alikuwa ameshika usukani kwa taulo maana unaunguza, na taulo hiyo hiyo anafutia macho. Akawasha gari, akanipita.

Kibao cha namba nyuma ya gari, ambacho huku huandikwa jimbo gari lilikotoka, kimeandikwa Nebraska.

"Mama! Mama, simama! Unatoka mji gani?"

Nilikimbia na magoti yangu haya kwenye lami inayowaka. Vioo vilikuwa vimefungwa. Hakusikia.

Nikampigia Kent. Akaapa hajatuma mtu. Kent siku hizi simwamini, lakini lile gari halikuwa na sababu ya kunidanganya.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nyie wenye wazazi, waambieni ukweli hata wakinuna, kununa kunaisha. Ukimdanganya mtu kwa kisingizio cha kumpenda, unakuwa umemfukuzia na wakweli ambao hawajafika.

Mimi kila asubuhi nipo kwenye benchi lile. Nabeba mikate ya mdalasini miwili, wangu na wake. Hajarudi.