Mjukuu wangu alizima ulinzi wa kompyuta ili mchumba amsalimie, binti wa watu kaozeshwa

Mwenye ukurasa huu wa gazeti, jina langu lifiche, na kijiji changu cha huko juu Uluguru usikitaje, maana maelfu wanaokusoma wengine ni majirani zangu na midomo yao naijua. Mimi ni bibi wa miaka sitini na kitu, shule niliishia darasa la nne, na asinionee mtu huruma kwa hilo. Tangu serikali iruhusu kila mtu afanye biashara yake, nimeuza mboga Morogoro mjini mpaka nikafungua kibanda cha kuchapa na kutoa kopi. Kompyuta ni yangu, sijaazima. Anayeiendesha ni mjukuu wangu, tumwite Tekla, ana miaka ishirini na miwili. Mama yake, mwanangu wa pekee, alifariki akimzaa. Nimemlea mimi.

Kompyuta hiyo iliwahi kuingiwa na virusi. Fundi akanieleza, nikamwambia rudia, akarudia. Kuna mafaili ya mahesabu yana maagizo yaliyofichwa ndani, yanaitwa makro. Ukifungua faili tu yanaanza kazi yenyewe, hujagusa kitu. Mengine yanasaidia, mengine yanaharibu. Akaweka ulinzi: faili la namna hiyo likifunguliwa, kompyuta inauliza kwanza, uyaruhusu au uyazuie? Nikatoa amri kwamba disketi ya mtu yeyote ikiingia humu, jibu ni kuzuia. Hata ya padri. Waliokasirika niliwaonyesha barabara.

Akaja huyo Deo, mwanachuo, kijana wa mkoa mwingine, shati limenyooshwa pasi utadhani ana kesi. Akampenda Tekla, sawa. Akaleta faili la utafiti wake, ndani kamtilia mapenzi: likifunguliwa linaandika lenyewe kwenye kioo, "Habari za asubuhi, malkia wangu." Kwa ulinzi wetu malkia akawa hasalimiwi. Deo akanuna. "Bibi, huu ni ushamba. Siku hizi mambo yanajiendesha yenyewe." Nikamwambia, "Basi jiendeshe mpaka nje."

Nilipopanda mlimani kuvuna, Tekla akaingia kwenye mipangilio, akaondoa ile alama ya tiki, kompyuta ikaacha kuuliza. Apate kusalimiwa! Disketi ya Deo, fundi alikuja kuithibitisha baadaye, ilikuwa na virusi; alikovitoa Deo anajua mwenyewe. Vikaingia kimya kimya, na kila faili la mahesabu lililofunguliwa baada ya hapo likaambukizwa.

Kuna Sista anayefundisha shule ya wasichana, alama za mitihani tunamchapia sisi. Virusi vikabadilisha namba, hapa vimepunguza, pale vimeongeza, na huyo malkia hakuona kitu. Karatasi ikabandikwa shuleni. Binti mmoja wa Mlali, aliyefaulu vizuri, akasomeka kafeli, akarudishwa nyumbani. Baba yake hakuuliza mara mbili. Kamwozesha kwa mwanaume mwenye mashamba ya miwa huko Turiani, anayelingana umri na yeye baba mtu.

Sista alikuja kugundua alipopitia upya mitihani yenyewe. Akaja dukani, kiti akakikataa. "Bibi," akasema, "nimempigia magoti yule baba. Kanijibu harusi haifutwi kwa kifutio."

Deo alikuwepo, kakaa juu ya meza yangu. "Pole, Sista. Makosa ya mashine hayo. Lakini tuseme ukweli, msichana wa Mlali angefika wapi? Mkewe mwenye miwa, si atakunywa chai yenye sukari?" Akacheka. Na Tekla, ambaye vidole vyake ndivyo vilivyoondoa ule ulinzi, akacheka naye.

Kicheko hicho ndicho kinachonila. Kuharibu kompyuta ningempiga makofi yakaisha. Lakini kucheka? Nilimwambia palepale, "Mama yako alikufa akikuzaa. Leo nimejua alikufa bure." Sista akanishika mkono, "Bibi, punguza." Sikupunguza na sijutii. Tekla akaniangalia usoni, akanijibu: "Na mimi nikizaa, wanangu nitawaambia bibi aliyenilea alikufa zamani."

Sasa nisikilizeni. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Posa ya Tekla haipiti bila mjomba wake, mtoto wa dada yangu, na mimi, na mjomba keshasema neno lake ni lile nitakalosema. Jumapili baada ya misa watu wa Deo wanakuja kuchukua jibu. Nikikataa, Tekla kaapa ataondoka naye hivyohivyo, sitamwona tena, na sina mwingine wa damu yangu chini ya paa hili. Nikikubali, namkabidhi kwa mwanaume anayecheka mtoto wa watu akiangamia, tena aliyekwisha kumfundisha na yeye kucheka.

Wale wa kuniambia "Bibi, vijana ndivyo walivyo", okoeni stempu zenu. Na wa kuniambia nisali, nasali kuliko ninyi. Namtaka mtu mmoja tu, aliyewahi kumnyima mtoto wake mume na mtoto akabaki. Aniandikie alisema maneno gani. Kama hayupo, basi nyie wengine niambieni Jumapili nijibu nini, maana Tekla yuko chumbani anafunga mabegi kabla hata ya kulisikia jibu langu, na mimi nimekaa hapa mlangoni kwake tangu asubuhi, nashindwa kumwita jina lake.