Bolti Nane za Kitanda cha Mama Mkwe

Karakana walimwita Fundi Kimya, na jina lilimkaa kama shati la kushonesha. Alikuwa seremala wa vitanda na makabati, mtu wa makamo, mwenye mkono mwepesi na ulimi mzito. Mteja akimuuliza kabati litakuwa tayari lini, alinyoosha vidole vitatu, na mteja akaelewa kwamba ni siku tatu.

Kati ya watu wote aliowaonea haya, wa kwanza alikuwa mama mkwe wake. Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kumwambia neno ana kwa ana zaidi ya salamu. Akiwa na la kusema, alilipitisha kwa mke wake, na mtoto wao alipojua kuongea, likapitia kwa mtoto. "Mwambie bibi chai tayari," alisema, naye bibi ameketi hatua mbili kutoka hapo, anasikia kila kitu. Bibi alijibu kwa njia hiyohiyo. Nyumba ikaenda hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Mke wake alikuwa muuguzi. Alipopata kazi ya miaka mitatu katika hospitali ya ng'ambo, fundi naye akatafutiwa nafasi katika karakana ya samani ya hukohuko. Wakaketi kupanga, wakaona tatizo liko kwenye zamu. Mama angetoka alfajiri siku nyingine na kurudi jioni sana siku nyingine, baba angekuwa karakana tangu asubuhi, na binti yao alikuwa na miaka sita. Bila mtu wa kukaa na mtoto, kazi ile isingewezekana. Ikakatwa shauri kwamba bibi aende nao.

Bibi alikubali kwa sharti moja, kwamba kitanda chake kiende. Alikuwa na maumivu ya nyonga ya siku nyingi. Kitanda kile kilikuwa kirefu kwenda juu na kigumu, cha mbao nzito. Akiketi ukingoni nyayo zinakaa sakafuni vizuri, na asubuhi anainuka mwenyewe bila kumwomba mtu mkono.

Kufunga nyumba ilikuwa kazi ya fundi, naye aliifanya kama anavyofanya kazi zake zote. Mzigo wao ulikuwa uende kwa meli, katika kontena wanalochangia na wengine, na wakala alitaka orodha ya kila boksi na kilichomo. Fundi aliishia darasa la saba, lakini mwandiko wake ulikuwa safi. Akaandika: boksi la kwanza, zana za kazi. La pili, sahani na vikombe. Vyombo vya kufunguliwa alivifungua mwenyewe, na parafujo za kila kimoja akazitia kwenye mfuko na kuubandika kwa gundi ya karatasi palepale zilipotoka.

Boksi la ishirini na tatu lilikuwa la mama mkwe. Bibi alikuwa amelifunga mwenyewe, akalizungushia kamba. Fundi alilitazama kwa muda. Kupekua vitu vya mkwe ni jambo ambalo hakuweza hata kuliwaza, na kumtuma mtoto akaulize aliona ni kumfanyia bibi upelelezi. Akaandika kwa herufi nzuri: "Vitu vya mama mkwe. Sikufungua."

Likabaki suala la bolti za kitanda. Zilikuwa nane, ndefu kama kiganja, za kuchongesha kwa mhunzi. Hizo hakutaka zibandikwe kama za kabati la viatu. Meli ni meli, mfuko unaweza kubanduka, na kitanda hiki si cha mtu wa kuchezewa. Akazitia zote nane kwenye soksi nyeusi, akaifunga fundo, akaiweka ndani ya begi atakalosafiri nalo mwenyewe.

Uwanja wa ndege begi lilizidi uzito. Binti wa mizani alisema kilo mbili zitoke, akasema kwa sauti. Nyuma yao kulikuwa na foleni ndefu, na fundi alihisi macho yote yamemganda mgongoni. Akatia mkono ndani ya begi bila kutazama, akachomoa kile kilichokuwa kizito kuliko vyote, pamoja na viatu vyake vya kazi, akamkabidhi shemeji yake aliyewasindikiza. Mizani ikatulia. Wakaruhusiwa kupita, na kichwani mwake jambo lile likaishia pale.

Nyumba waliyofikia ilikuwa ya muda, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule, mkataba wa miezi mitatu wakati wakitafuta ya kudumu. Ilikuwa na kila kitu, na hakuna chao hata kimoja. Msimamizi wa jengo, mwanamume mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni, aliwapitisha chumba kwa chumba na karatasi mkononi: vijiko kumi na viwili, sufuria tatu, kizibo cha sinki kimoja. Msumari haupigwi ukutani. Samani hazitolewi nje. Fundi aliona mlango wa kabati umelegea bawaba, mkono ukamwasha, lakini zana zake zilikuwa baharini.

Kitanda alichopewa bibi kilikuwa kifupi, na godoro lake lilikuwa laini kupita kiasi. Bibi alilala usiku wa kwanza akazama. Usiku wa pili vilevile. Asubuhi ya tatu mke alikuwa zamu, fundi yuko jikoni, akasikia bibi anamwita mjukuu. Mjukuu akaenda, akavuta kwa nguvu zake zote za miaka sita, akarudi mbio: bibi hawezi kuinuka.

Fundi alisimama nyuma ya mlango. Kuingia chumbani kwa mkwe akiwa kitandani hakuweza, na kumwacha pale hakuweza. Mwishowe alichukua kiti cha jikoni, akakisukuma ndani kwa mguu huku amegeuza uso ukutani, mpaka kikagota kitandani. Bibi akashika egemeo la kiti, akajiinua kidogo kidogo. Tangu siku hiyo bibi alilala sebuleni, ameketi kwenye kiti, miguu juu ya kibao.

Fundi alijaribu. Aliweka ubao chini ya godoro, mbao za kuokota nyuma ya duka. Bibi alilala mara moja, akamtuma mjukuu aseme kwamba ubao ni mgumu ila godoro bado ni uji.

Tiketi ya bibi ilikuwa ya kwenda na kurudi. Siku ya kurudi ilikuwa ya hamsini tangu wafike, na iliweza kusogezwa mbele kabla ya kufika, si baada. Bibi alimwambia binti yake kwa upole tu, wakikunja nguo: kitanda kikija, nitakaa, kisipokuja, siku ya hamsini nitapanda ndege, maana kiti si mahali pa kuzeekea. Mke alimweleza fundi. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba mama akiondoka, yeye ataandika barua ya kuacha kazi, na wote watarudi.

Meli ilitarajiwa wiki ya nne. Ilifika, lakini mzigo ukazuiwa forodhani. Wakala alipiga simu. Alikuwa ametafsiri orodha yote neno kwa neno, na maofisa walifika boksi la ishirini na tatu wakasimama hapo. Walitaka kujua ni mzigo gani huo ambao mwenyewe anakiri hakuufungua. Ikabidi bibi aeleze vilivyomo, mke aandike, karatasi iende na majibu yarudi. Wiki mbili na nusu zikapita hivyo.

Mzigo ulifika siku ya arobaini na nane, mchana. Vijana wa kupakua waliufikisha mlangoni pa jengo tu, kama karatasi ilivyosema, na fundi akaupandisha mwenyewe. Alianza na kitanda kabla ya kitu kingine chochote. Kitanda cha mwenye nyumba alikisimamisha ukutani, akapanga mbao za kichwani na za miguuni, mbavu mbili za pembeni, chaga zote kumi na moja. Kisha akaenda kwenye begi lake kuchukua soksi nyeusi.

Alimwaga begi lote. Alikaa sakafuni, na ndipo alipoiona ile foleni, yule binti wa mizani, na mkono wake mwenyewe unatoa kitu kizito.

Alimpigia shemeji yake, akaongea kwa sauti ya chini.

"Ile soksi? Ipo, shemeji," shemeji akasema. "Tunazuia nayo mlango wa uani. Inafanya kazi vizuri sana."

Kwa posta ya haraka ingechukua siku kumi.

Asubuhi ya siku ya arobaini na tisa mke alikwenda zamu, mtoto akaenda shule, na fundi akaenda duka la vifaa na kijiti alichokata kwa kipimo cha bolti. Muuzaji alimtolea za kila aina. Ndefu kuliko zote ilipungua vidole viwili. Isingetokea upande wa pili wa mguu wa kitanda. Akanunua karatasi ya msasa ili asitoke mikono mitupu, akarudi.

Njiani alipata wazo. Kila bolti ya kitanda kile inapita katika mguu na ncha ya ubavu iliyoingia ndani yake. Pini ya mti mgumu ingeshika kama chuma. Lakini mbao za makreti alizookota nyuma ya duka zilikuwa laini kama mkate, na samani za mwenye nyumba zilikuwa za unga wa mbao uliogandishwa. Mti mgumu ndani ya nyumba ile ulikuwa mmoja tu, na alijua kwa sababu ya forodha: ndani ya boksi la ishirini na tatu mlikuwa na kinu na mchi wake.

Bibi alikuwa sebuleni kwenye kiti chake. Sanduku lake la safari lilikuwa tayari kando ya mlango, limefungwa. Fundi alisimama akatazama huku na huku kama anayemtafuta mtu wa kumtuma. Hapakuwa na mtu.

Akasogea mbele ya kiti.

"Mama," alisema.

Bibi aliinua uso taratibu, kama aliyesikia kabati linaongea.

"Mama, bolti za kitanda nimeziacha nyumbani, ndani ya soksi. Nilizitoa kwenye begi uwanja wa ndege. Ni kosa langu, si la mtu mwingine." Alipumzika kidogo, maana maneno yalikuwa mengi. "Naomba mchi wako nichonge pini."

"Mchi wangu."

"Ndiyo, mama."

"Na kinu kibaki mjane kama mimi."

Fundi alitazama sakafu. Bibi akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kisicho na sauti, mabega yanatikisika.

"Unakumbuka siku uliyokileta kitanda hiki kwangu?" akauliza. "Ulikuwa kijana wa karakana, mwembamba, jasho limekulowesha. Ukakishusha, ukajipapasa mifuko yote, ukasimama kama hivi ulivyosimama. Ulikuwa umesahau bolti."

"Nakumbuka, mama."

"Ukarudi kesho yake. Ukarudi na kesho kutwa, eti kukaza. Nikamwambia marehemu mume wangu, huyu hakazi bolti, huyu anamtazama binti yetu." Akajifuta macho kwa pembe ya khanga. "Mara ile ulisahau bolti ukapata mke. Safari hii unatafuta nini?"

Fundi alifikiri. Swali aliliona ni la haki.

"Natafuta wewe ukae, mama," alisema. "Mke wangu anaipenda kazi yake. Na mimi nikiwa hapa bila wewe sitajua mtoto wa kike anasukwa vipi."

Bibi alishika egemeo la kiti, akainuka, akaenda kwenye boksi la ishirini na tatu. Fundi akageuka akatazama dirishani mpaka aliposikia kamba imekatwa na karatasi zimeacha kuchakarika. Alipogeuka tena, mchi ulikuwa umelala juu ya meza.

Aliukata kwa msumeno, akapasua vipande kwa patasi, akavichonga sakafuni juu ya gazeti ili asikwaruze mali ya watu. Pini nane, nene kidogo upande mmoja. Moja ilipasuka, akachonga nyingine. Saa tisa alizigonga, na kitanda kikasimama. Alikisukuma kwa bega, hakikulia. Akatandika godoro la pamba la bibi mwenyewe, lililokuja na mzigo, akatoka chumbani.

Bibi aliingia peke yake na kufunga mlango. Alikaa humo karibu saa moja. Mke alirudi, mtoto naye akarudi, wote watatu wakaketi sebuleni karibu na lile sanduku bila kuligusa.

Mlango ulipofunguliwa, bibi alikuwa amesimama kwa miguu yake, kitambaa cha kichwa kimekaa upande kama cha mtu aliyetoka kulala.

"Hapa si tunahama tena baada ya mwezi?" aliuliza. Hakumwuliza mjukuu wala binti yake. Alimtazama fundi.

"Ndiyo, mama. Mkataba unaisha."

"Hizo pini zinatoka?"

"Zinagongwa upande wa pili, zinatoka."

"Basi siku ya kuhama ukizitoa, unipe mimi mkononi," bibi alisema. "Soksi ninazo."

Mke akachukua simu, akaenda dirishani kupiga kwa watu wa tiketi. Fundi alilichukua sanduku kando ya mlango, akalipeleka chumbani kwa bibi, na kwa kuwa mwenyewe alikuwa sebuleni, aliingia bila kugeuza uso.