Skrubu shingoni, msasa mkononi: Mokeira arejea kwenye beseni lake

Baridi ya asubuhi haijaisha hapa Tabaka, kwenye vijiji vya wachongaji, na Persis Mokeira ameshaketi mbele ya beseni lake. Anamtumbukiza majini kiboko aliyechongwa kwa jiwe la sabuni, anamsugua kwa msasa, kisha anampapasa mgongoni kwa kidole gumba. Anasita. Pana mkwaruzo. Anasugua tena.

Akiitwa kutoka nyuma, hageuzi shingo. Hugeuka mwili mzima, taratibu. Mwanzoni majirani walinong'ona kwamba mama Kwamboka, kama wanavyomwita kwa jina la bintiye, anaringa tangu atoke hospitalini.

"Waseme tu," anacheka mama huyu wa miaka arobaini na minane. "Anayetaka kunisalimia aje mbele, nimwone vizuri."

Mokeira aliolewa hapa akitokea Nyamira, kwenye mashamba ya majani chai. Mumewe, Omosa, huchonga, yeye hulainisha. Mawe aliyabeba mwenyewe kichwani kutoka machimboni, miaka nenda miaka rudi, hadi siku alipoteleza mteremkoni na mzigo ukaikunja shingo. Alimeza dawa za dukani, akarudi kazini.

Kisha vidole vikaanza kufa ganzi. Akalaumu maji. Angelaumu nini kingine, na kila mlainishaji hapa hushinda na mikono majini? Akawa anayapasha moto kwanza. Wapi! Ganzi ilipanda hadi viwikoni, vinyago vikamponyoka na kupasuka, miguu nayo ikalegea.

"Niliogopa sana," anasema. "Kazi yangu yote iko kwenye vidole. Visiposikia jiwe, mimi ni nani?"

Hospitalini, daktari aliwaeleza yeye na Omosa bila kuzunguka. Pingili mbili za juu kabisa za shingo zilikuwa zimelegea, zinacheza na kubana neva kuu inayoshuka mgongoni. Angezifunga kwa skrubu zitulie, ila shingo isingegeuka kama zamani. Kuhusu vidole, hakuahidi kitu. Omosa aliuza ng'ombe, kanisa likachanga, na Mokeira akapasuliwa.

Alirudi nyumbani na kola ngumu ya kuishikilia shingo. Siku moja, akiwa kitandani, kidole chake kilisikia uzi uliochomoza kwenye blanketi. Alilia kwa furaha. Omosa, masikini, alidhani anaumwa, akakimbilia dawa.

Leo amerudi kazini, lakini kubeba mzigo kichwani amekatazwa maisha yake yote. Hilo halimsumbui. Anasema kichwa chake sasa ni cha kufungwa kitambaa cha Sabato tu. Anachotaka ni punda wa kupandisha mawe, yake na ya wanawake wenzake. Omosa humtania kwamba punda huyo atabembelezwa kuliko yeye.

Nyuma yake hatua nzito zinapanda kutoka machimboni. Mokeira anaweka msasa chini, anageuka mwili mzima. Ni binti yake, Kwamboka, na jiwe kichwani.

"Shusha hilo, mama," Mokeira anamwambia bintiye.

"Na litafikaje nyumbani?"

"Litamngoja punda."

Kwamboka analishusha kando ya njia. Punda bado hajanunuliwa.